Jeneza la Serikali kwenye Barabara ya Kilwa

Wakazi wote wa Temeke, Mtoni na njia ya Mbagala wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu mwendo utakuwa mali ya Serikali. Hakuna dereva atakayeruhusiwa kutumia zaidi ya maili kumi kwa saa bila kibali.

Tangazo hilo lilitoka mkononi mwangu, mimi Elinaza, Karani Mkuu wa Kamati ya Mwendo, na sioni haya kusema kwamba tangu Waingereza waichukue Tanganyika hakijapata kubandikwa kitu kizuri kama kile kwenye mnazi. Karani Mdogo hatukuwa naye, kwa hiyo ukuu wangu haukupingwa na mtu.

Mwenyekiti wetu alikuwa Bwana Pettifer, Mwingereza mrefu ambaye daima alikuwa akichelewa mahali fulani. Motokaa yake ilikuwa ya kijani, na magurudumu yake yalifunikwa sahani za bati zinazong'aa, isipokuwa gurudumu moja la mbele lililokuwa tupu tangu mwaka uliotangulia. Nilipouliza, niliambiwa sahani hiyo iko likizo. Ni yeye aliyeongeza kifungu cha mwisho cha amri, kwamba magari ya Kamati hayahusiki, kwa sababu gari linalokwenda kuzuia mwendo haliwezi kufika likienda taratibu. Wajumbe walipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi.

Kwanza Kamati ilichunguza kama dereva anaweza kwenda maili kumi. Tuliweka meza pale Mtoni, kando ya Barabara ya Kilwa, tukamwita Marselino, mtu wa Masasi, aliyekuwa akiendesha lori la nazi na abiria kutoka Mbagala.

"Unaweza kwenda maili kumi kwa saa?" nikamwuliza.

"Nitajuaje, Bwana Karani?"

"Tazama mshale wa kipimo."

"Mshale ulishalala. Mie lori nimelikuta hivyo hivyo."

Tukakagua magari mengine. Mishale yote ilikuwa imelala. Kwa mujibu wa vyombo, magari yote ya Temeke yalikuwa yamesimama, na Bwana Pettifer akataka tuandike kwamba amri imeanza kufuatwa kabla haijaanza.

"Na je, inafaa dereva kwenda polepole?" nikaendelea.

"Haifai," Marselino akasema. "Abiria akiona natambaa anadhani lori bovu, anashuka. Anadandia la mwenzangu."

Hapo mwanamke mmoja akajipenyeza hadi mezani bila kuitwa. Alikuwa Rosalia, muuza mihogo ya kukaanga, ambaye jiko lake lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Alikuwa amemshika mkono bintiye, Apolonia, aliyekuwa akichechemea.

"Shikamooni wakubwa," akasema. "Mie maili sizijui. Huyu mwanangu aligongwa hapa mwaka jana akivuka kwenda shule. Gari halikusimama. Sasa akifika ukingoni mwa barabara anatetemeka, anarudi nyumbani. Nataka avuke. Basi."

Nilimweleza kwa upole kwamba Kamati ni ya mwendo, kuvuka si kazi yake.

"Gari lenyewe lilikuwa la rangi gani?" mjumbe mmoja akauliza, kwa kutojua.

"La kijani."

Bwana Pettifer akatazama saa yake, na kikao kikaahirishwa.

Ijumaa iliyofuata niliona kwa macho yangu jambo lililonipa wazo. Msiba ulipita pale Mtoni, marehemu akipelekwa makaburini. Malori yote yakanywea. Hakuna aliyepiga honi, hakuna aliyejaribu kulipita jeneza. Marselino yule yule wa abiria wanaoshuka aliteremka yeye mwenyewe, akatia bega, akabeba kipande cha njia, kisha akarudi kwenye usukani na kufuata nyuma kwa adabu kubwa. Kumbe wanaweza. Siku hiyo hiyo nilipendekeza kwamba Serikali iwe na jeneza lake.

Albano, seremala wa Keko, alilichonga kwa mninga. Palitokea ubishi kama lifunikwe kitambaa cha kijani kama cha Waislamu au litiwe msalaba, na Kamati ikaamua jeneza la Serikali halina dini, likafunikwa shuka la khaki. Wachukuaji wanne waliajiriwa kulipeleka Mbagala na kulirudisha Temeke mchana kutwa. Amri mpya ikatoka: hakuna gari litakalolipita.

Mafanikio yalikuwa makubwa kupita kiasi. Mwendo ulikufa kabisa. Lakini desturi ya watu wetu ni kwamba ukiona jeneza hupiti hivi hivi, unatia bega hatua kadhaa. Makuli waliacha mizigo wakatia bega. Mafundi waliacha nyumba bila paa. Wachukuaji walioajiriwa walikuwa wakitembea nyuma mikono mitupu, wakizungumza habari za mpira. Kina mama nao wakauliza matanga yako wapi, na kwa kuwa jeneza lilikuwa likilala ofisini kwetu, wakaja na mikeka na sufuria za wali, wakaketi barazani. Nilipewa pole nyingi. Mke wangu alipewa pole sokoni akarudi mbio kuhakikisha kama bado niko hai.

Mtu mmoja tu hakuridhika, naye alikuwa Mzee Mwinshehe, mwenyeji wa Mtoni.

"Bwana Karani, marehemu ni nani?"

"Mwendo kasi, Mzee."

"Huyo hana mwili. Jeneza tupu likizunguka mjini linaita mtu. Tieni kitu ndani, hata jiwe."

Nilimwahidi kwamba suala la jiwe litapelekwa kwenye kamati ndogo. Rosalia alikuwa akigeuza mihogo karibu yetu, akasikia, akaendelea kugeuza.

Habari za jeneza zikafika mbali, hata Mkaguzi wa Barabara za Makoloni akaja kutoka Uingereza kulitazama. Siku hiyo nilimketisha chini ya turubai pale Mtoni, nikiwa mkalimani wake. Mwenyekiti alikuwa bado mjini akila chakula cha mchana. Msafara ukaja. Nyuma ya jeneza umati, nyuma ya umati lori la Marselino, nyuma yake magari yote ya upande ule wa mji. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa furaha. Mchukuaji mmoja akaninong'oneza, "Bwana Karani, leo lina kitu. Linagonga." Nikadhani kamati ndogo imekutana bila mimi, nikakasirika.

Ndipo tukasikia honi. Motokaa ya kijani ilikuwa ikiyapita malori mbio, vumbi mpaka juu ya minazi. Kuku wa watu wakapona kwa bahati. Ikafika penye jeneza ikakwama, maana umati haukusogea.

"Pisheni," akasema Bwana Pettifer akichungulia nje. Kiswahili chake kilikuwa kizuri katika neno hilo.

"Jeneza halipitwi, Bwana," Mzee Mwinshehe akamjibu. "Ni amri yako."

"Amri haihusu gari langu."

"Marehemu hana habari hizo."

Mwenyekiti akashuka, uso mwekundu. "Hakuna marehemu. Ni tupu. Lifungueni, Bwana Mkaguzi aone kwamba ni tupu."

Likatuliwa, likafunguliwa. Ndani, juu ya kanga iliyokunjwa vizuri, palikuwa na sahani ya bati ya gurudumu, imebonyea ukingoni.

Marselino akaichukua. Akaenda taratibu hadi kwenye motokaa ya kijani, akachuchumaa mbele ya gurudumu lililo tupu, akaibandika na kuipiga ngumi moja. Ikaingia, ikakaa. Likizo yake ilikuwa imekwisha.

Rosalia akasogea mbele akifuta mikono yenye mafuta.

"Niliiokota pale mwanangu alipoanguka," akasema. "Bwana Karani, mwambie huyo mgeni."

Sijawahi kupata taabu ya ukalimani kama ile. Nilimtazama Mwenyekiti kumwomba ruhusa, akatazama viatu vyake. Katika vikao vyetu Mwenyekiti akinyamaza hoja imepita. Basi nikatafsiri, neno kwa neno, bila kupunguza kitu, kwa sababu nilimwona yule mtoto akinitazama.

Mkaguzi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza mama anataka nini.

"Abebe," akasema Rosalia. "Kila mtu hapa amebeba, isipokuwa yeye."

Mkaguzi akavua kofia. Akashika mshikio mmoja wa jeneza, akasimama akimngoja Bwana Pettifer ashike wa pili, na alingoja kwa adabu ambayo haikumwachia mtu njia ya kutokea. Bwana Pettifer akashika. Njia yote ya kwenda Mbagala kila mtu alipokezana na mwenzake, ila hakuna aliyekwenda kumpokea yeye. Gaspar, dereva wake, alifuata nyuma na motokaa ya kijani, gari la pekee katika Temeke ambalo hatukulikagua, nalo lilikuwa na kipimo kizima, na aliniapia kwamba mshale haukugusa hata maili tano.

Kwa hiyo Kamati iliweza kuhitimisha kazi yake. Taarifa, ambayo Mkaguzi aliondoka nayo, inasema kwamba kwenda polepole kunawezekana kwa madereva wote, wakiwemo wa Serikali. Kinachotakiwa ni Mwenyekiti kutangulia mbele ya gari, kwa miguu, akiwa amebeba kitu kizito. Nafasi ya Mwenyekiti sasa iko wazi, na kwa unyenyekevu nimeikataa.

Jambo moja halimo katika taarifa. Msafara ulipoanza kuondoka, Rosalia alimwachia bintiye mkono pale ukingoni. "Vuka, mama," akamwambia. Malori yote yalikuwa yamesimama, injini zikinguruma chini chini. Apolonia akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka akichechemea, wala hakukimbia.