Kitanda Changu na Kitanda cha Svetozar

Jumatatu, 6 Oktoba

Vizazi vijavyo vijue: leo, kabla ya chai, mimi Radivoje nimekishusha kutoka darini kitanda cha mtoto nilichokiunda kwa mikono yangu mwenyewe. Buibui wamehama shingo upande. Humo alilala mwanangu Vukasin; humo atalala mjukuu wangu wa kwanza. Mke wa Vukasin, Teodora, atajifungua wakati wowote. Ubavu mmoja wa kitanda hupanda na kushuka kama dirisha la treni. Ufundi huo!

Mke wangu Desanka nusura anipige kwa mwiko. Kitu cha mtoto kuingia nyumbani kabla ya mtoto! Eti nataka kumletea mkosi binti wa watu? Akagonga meza mara tatu, akatutoa nje, mimi na kitanda. Kiko bandani, chini ya magunia ya pilipili hoho.

Habari mbaya zaidi: mkwe mwenzangu Svetozar, baba yake Teodora, amenunua kitanda Austria. Kakificha gerejini. Nilipomkumbusha mila, akasema boksi halijafunguliwa, kwa hiyo hicho si kitanda bado, ni boksi. Mtu huyu angekuwa wakili, magereza yangebaki matupu.

Jumatano, 8 Oktoba

Redio imenisaliti. Vitanda vya ubavu wa kuteremka vinaondolewa madukani na kurudishwa viwandani. Ubavu huchomoka, mtoto akabanwa kati yake na godoro. Nikazima haraka. Wapi! Desanka alikuwa mlangoni anamenya hoho. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama kitanda changu nacho husikiliza redio.

Mpango: misumari. Nimeupigilia ubavu, hautashuka tena hata kwa amri ya mahakama. Kisha jaribio la kisayansi. Kabichi, saizi ya kichwa cha mtoto. Nimelilaza. Limepenya kati ya fito na kubingirika mpaka kwa kuku.

Kosa la kabichi. Lilikuwa dogo mno. Nimechukua kubwa. Halikupita! Kitanda ni salama.

Ijumaa, 10 Oktoba

MSICHANA! Dunja! Mama na mtoto wazima. Nimelia. Nimewaambia ni moshi wa hoho anazochoma Desanka.

Baba mtoto kachaniwa shati, kama ilivyo ada yetu mtoto akizaliwa. Svetozar alishika mkono, mimi kola. Alivuta, nikavuta. Vukasin akabaki na vifungo tu, anacheka kama chizi. Rakia, ile pombe kali ya plamu. Rakia tena. Na kwa kuwa mtoto kaja, mila sasa inaruhusu: vitanda vyote viwili chumbani kwa Vukasin, kila babu na bisibisi yake. Ndivyo tulivyo huku. Kazi yenye bolti tunaingoja siku ambayo hakuna hata mmoja anayeona vizuri.

Svetozar akauliza, mkwe, unasoma Kijerumani? Nikamwambia maelekezo ni ya watu wasio na vipaji. Kwa mara ya kwanza tangu harusi, alikubaliana nami. Karatasi ya maelekezo akaitandaza, akapanga soseji juu yake. Alipomaliza, bolti tele zilibaki kwenye sahani. Waaustria wakarimu, alisema, huweka za ziada. Sijawahi kusikia hayo kuhusu Waaustria. Nikakitikisa kitanda chake kidogo, kwa ajili ya mjukuu. Kikalia kama mlango wa kanisa. Nilifurahi sana.

Jumatatu, 13 Oktoba

Teodora karudi na Dunja. Mtoto kafanana nami, hasa akipiga miayo. Babu wawili tulisimama wima, kila mmoja kando ya kitanda chake, kama walinzi wa ikulu.

Teodora akampa Desanka mtoto. Akachukua kopo la soda mezani, akalipitisha kati ya fito zangu. Lilipita bila hata kubisha hodi. Akasema mwili wa kichanga nao utapita hivyo hivyo, kichwa kibaki kimenasa. Nikamweleza habari ya kabichi kubwa.

“Baba,” akasema, “hilo kabichi lako lina miguu?”

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Svetozar akaanza kuchekelea. Teodora akabonyeza godoro la Austria kwa kiganja. Chaga puu! sakafuni. Soseji moja ikajitokeza chini yake.

“Na wewe baba,” akamwambia, “Waaustria wanakusalimu.”

Dunja kalala kwenye kikapu cha kigari chake. Hakuuliza kitanda cha nani. Sisi wawili tukamtazama kutoka mlangoni, bega kwa bega, mpaka tukafukuzwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Svetozar kaja na mfuko wa bolti. Mimi ninazo fito. Tumekaa bandani na rakia, tukayachambua makosa yetu kiume, bila kuoneana haya. Tumeafikiana: kosa lilikuwa kila mtu kufanya kazi peke yake. Kwa hiyo tunamuundia Dunja bembea. Pamoja! Desanka alipita, akauliza kama tuna maelekezo. Svetozar akamjibu, Mama Vukasin, maelekezo ni ya watu wasio na vipaji. Nusura nimkumbatie.

Jioni bembea ikawa tayari. Nzuri ajabu. Tumelifunga kabichi kubwa kwa mkanda wangu wa suruali. Na safari hii, kwa kuwa sisi si watu wa kurudia makosa, tumelitia miguu: karoti mbili. Svetozar akasukuma.

Karoti zimebaki kwenye bembea. Kabichi liko kwa kuku.