Malalamiko Kuhusu Semina Iliyoniharibia Darasa

Kwa Bwana Afisa Elimu,

Heshima tele na salamu za kazi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, mwaka wa thelathini na moja sasa, na sijawahi kulalamika ila kuhusu choo. Leo yamenifika shingoni.

Mlimpeleka mwalimu mwenzangu kwenye semina ya siku tano kuhusu watoto wenye ulemavu wa kujifunza. Alikwenda na akili zake timamu. Amerudi Mama Semina. Madhara ni haya:

1. Darasani nina binti mmoja aliyeandika kwamba dada yake ana ndevu. Alikusudia baba. Darasa zima tulicheka mpaka machozi, nami nikampa jina la Ndevu, bure kabisa. Mama Semina anadai si uvivu, eti b na d zinamgeukia kichwani. Kichwa ni mkeka, vitu vigeuzwe?

2. Hapigi! Mtoto akikosea, anaambiwa ajaribu tena polepole. Jamani.

3. Anamfundishia mchanga. Naam, mchanga wa ujenzi, kwenye sinia! Binti anachora b kwa kidole huku akiitamka. Madaftari yapo, sisi tunachezea udongo. Kesho tutaletewa ndoo na sabuni, tufue.

4. Hili ndilo linalonichoma. Ijumaa binti alisoma ukurasa mzima mbele ya mama yake. Mama huyo nimemwambia miaka miwili mfululizo kwamba mwanawe ni gogo, amtafutie kazi za ndani. Sasa gogo ni nani? Tukipishana langoni hanisalimii, na walimu wenzangu wameona.

Kwa hiyo naomba semina zifutwe, mchanga urudishwe kwa fundi, na binti aondolewe shuleni mwisho wa muhula, kabla hajafika ukurasa wa pili. Fomu nimeambatanisha, imebaki sahihi yako tu.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata yule karani anayepoteza majalada yetu.

Wako mtiifu, mwenye uchungu,
Mwalimu wa Darasa la Tatu

Tanbihi: Barua hii ameipitia mke wangu, kama anavyopitia kila ninachoandika tangu tuoane. Anasema pale juu nilikuwa nimeandika "Dwana Afisa". Kwa ajili ya herufi hizo mbili nilichapwa miaka saba, na hadi leo ya ubaoni nanakili kutoka karatasi anayoniandalia yeye. Nilidhani ni upumbavu wangu peke yangu. Ile fomu, tafadhali, ichane.