Bei Halisi ya Mbao, kwa Hesabu Yangu Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni 1957, Kolwezi.
Ushindi! Kanisa letu linataka benchi mpya kabla ya Pentekoste, yaani Jumapili hii, na msimamizi ni mimi, Stanislas Ngeleka, karani wa bohari. Mgiriki wa mjini anauza ubao mmoja faranga themanini. Kule Mutshatsha, urefu uleule, upana uleule: hamsini! Kamati nzima ikapiga makofi. Isipokuwa Mulumba. Naye ni karani, lakini wa mlangoni tu. Akauliza: "Tata Stanislas, na bunene yake iko ngapi?" Nikamjibu kwamba unene huulizwa kwa nguruwe. Watu wakacheka sana. Leo hatapata usingizi, huyo.

Jumatano, 5 Juni.
Mbao zimefika kwa treni. Nyepesi ajabu! Nimebeba nne begani peke yangu, Mulumba akiangalia. Kisimba, seremala wetu, amezipinda kwa mkono na kusema hizi ni za kutengenezea masanduku ya nyanya. Sentimita mbili. Za Mgiriki zina tano. Hapohapo stesheni Mulumba akatoa kalamu, bila kualikwa na mtu. Akasema kila sentimita ya unene kwa Mgiriki ni faranga kumi na sita. Kwangu ni ishirini na tano. Ndiyo maana, akasema, wenye akili hununua kwa metre cube: urefu, upana na unene kwa pamoja. Maringo gani haya! Nimemwambia watu hawakalii hesabu. Kisimba anataka kupigilia mbao mbilimbili, moja juu ya nyingine. Nimekataa. Benchi zingepungua nusu, na jina langu pia.

Ijumaa, 7 Juni.
Dawa imepatikana. Rangi ya kahawia iliyokolea, kupaka mara tatu. Rangi huongeza unene, nani asiyejua? Benchi zinang'aa kama za askofu. Nimeketi kwenye moja. Imelia kidogo. Mbao mpya hulia. Mke wangu Laurentine ameuliza kama Tata Mbayo naye atakaa pale. Bila shaka! Anakuja kutoka Tenke. Mwanawe anamtaka binti yetu Mianda, na baada ya misa tutazungumza ndoa. Mtu mzito, wa heshima. Atakaa mbele kabisa, kando yangu. Laurentine amesali rozari nzima. Kwa furaha, nadhani.

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste.
Kanisa lilijaa. Wote wakizitazama benchi zangu! Mulumba akaja na kiti chake cha nyumbani. Dharau tupu. Injili ikasomwa tukiwa tumesimama. Padri akatuashiria tukae, tukakaa. Kra! Tata Mbayo akatangulia chini, mimi nikamfuata, juu yake. Nyuma yetu ikalia ya pili, kisha ya tatu. Mzee akabaki sakafuni, suruali imepasuka, akasema polepole: "Mi siwezi kuongea mambo ya ndoa na mutu mwenye kukosa fasi ya kunikalisha." Mianda akalia mbele ya watu wote. Hilo lilinichoma. Sikujua pa kuweka macho.

Mulumba akamwinua mzee, akamkalisha kwenye kiti chake. Jioni, kwa kuwa Mianda alikwenda kumwomba, akakileta kiti hichohicho kwetu, amekibeba kichwani, njia nzima, vumbi mpaka magotini. Mgeni akakaa. Laurentine akamshonea suruali, akampa tonge za bukari na kuku. Ndoa imekubaliwa! Mianda amenishika mkono. Na tusisahau: Mulumba amenibebea kiti kama boy. Mkubwa ni nani sasa?

Jumanne, 11 Juni.
Kamati imeniondoa kwenye mambo ya mbao. Atanunua Mulumba, kwa metre cube yake. Sijali. Mbao zangu zote zilivunjika katikati kabisa, mahali pamoja. Za ovyo hazivunjiki sawasawa hivyo. Mimi ninafikiria kitanda cha arusi ya Mianda. Kisimba ameagiza misumari mirefu. Maskini, hajui kitu! Nimesimama dukani kwa Mgiriki nikahesabu mwenyewe: kilo ya misumari mirefu, vipande vichache tu. Kilo ya ile midogo ya kupigia soli za viatu, mamia! Na bei ni ileile! Nimenunua kilo nne. Mgiriki mwenyewe alibaki kinywa wazi.