Kuhusu Kitabu Chako Kilichomnyamazisha Mtawa Wetu

Ndugu Mwandishi,

Pokea salamu kutoka milimani huku, kaskazini mwa Kyoto. Mimi ni Fusae Kuwabara, mjane wa muuza tofu. Ndimi niliyekupikia ulipokaa hekaluni kwetu ukiandika kitabu cha kuwaeleza watu wa Magharibi Uhindu, Ubuddha na Zen. Mpwa wangu amenisomea. Ya Wahindu nawaachia wenyewe. Ya Zen yamenitia uchungu, nami nakuomba kwa heshima uyafute.

1. Umeandika kwamba mtawa wetu Gensho ni mtu wa kimya kikuu. Gensho huyu? Aliyekuwa akitusimulia matokeo ya besiboli hata makaburini? Sasa wageni wanamiminika na kitabu chako mkononi, naye, kwa kuogopa kuwavunja moyo, amefunga mdomo.

2. Umesema Zen haijishughulishi na wafu. Bwana wee, sisi hekaluni hutupeleka nini kingine? Sikukuu ya wafu inakaribia, ya kwanza tangu mume wangu Seizo afariki, na roho yake inarudi nyumbani. Nilimwomba Gensho aje kumsomea. Mbele ya wageni akagonga sakafu kwa fimbo, akauliza kwa fumbo, kama mtawa wa kitabuni mwako, "Nani aliyekufa?"

"Mume wangu, we mzee! Matangani kwake ulikula sushi sahani mbili, leo humjui?"

Wageni wakaniinamia, eti nimepata mwanga.

3. Mgeni mmoja, Holger, jitu lisiloweza hata kukunja miguu, alinikuta kaburini nikimwekea Seizo bia. "Mama, yote ni utupu," akanifundisha. Nikamwuliza, "Basi mbona unaikodolea macho?"

4. Seizo akifika akakuta hakuna kisomo, atadhani nimemsahau. Hili naliogopa kweli.

Kwa hiyo futa sura nzima, uandike: "Watu hawa huwaombea wafu wao, kisha hula."

Msalimie mkeo, watoto, na aliyekuchapishia, ingawa hastahili.

Wako kwa adabu na hasira,
Fusae Kuwabara

N.B. Barua hii ilikuwa bado sijaituma, na sikukuu imepita. Gensho hakuja. Alikuja Holger na kitabu chako kwapani. Alipiga magoti mbele ya picha ya Seizo, miguu ikimtetemeka, asiseme neno mpaka ubani ukaisha. Gensho angekuwa keshamaliza zamani, anaulizia chai. Nililia, mara ya kwanza tangu mazishi, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Kisha tukanywa ile bia.

Usifute kitu. Na Gensho, tafadhali, aendelee hivyo hivyo na kimya chake.