Hotuba ya Kuzindua Albamu ya Cheche za Chuma Baada ya Kimya cha Miaka Kumi na Tisa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru wa ghafla na kuniomba mimi mwenyewe nimwakilishe, kwa hiyo najisalimu kwa heshima zote ninazostahili; Wakurugenzi, Wakurugenzi Wasaidizi, Makaimu Wakurugenzi na mnaokaimu nafasi za makaimu; Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, pamoja na Mwenyekiti wa Kamati ya Kutathmini Kamati ya Maandalizi; wanabendi, familia za wanabendi, na majirani wa wanabendi ambao mmevumilia mengi; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mhudumu wa chai anapiga kuliko wote, maana bosi anamwangalia.)

Ndugu zangu, miaka kumi na tisa iliyopita bendi yetu ya Cheche za Chuma ilitoa albamu yake ya kwanza ya muziki wa thrash metal, ambao kwa tafsiri iliyopitishwa na kamati ndogo ya idara yangu ni muziki wa gitaa zinazokimbizwa, ngoma zinazotandikwa, na mwimbaji anayenguruma kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Baada ya hapo wakanyamaza. Wenye midomo yao wanasema walinyamazishwa, ati ofisi yangu ilichukua ngoma zao kwa uchunguzi wa kelele. Naomba niweke kumbukumbu sawa: hazikuchukuliwa, zilihifadhiwa, na uchunguzi umefikia asilimia arobaini na moja nukta sita. Ziko salama salimini. Hata hivi tunavyoongea zinalijenga taifa, kwani ndizo zilizobeba ubao huu ninaouegemea, hapa chini ya kitambaa cha kijani. (Minong'ono. Mpiga ngoma, fundi wa kuchomelea mageti aliyevaa suti ya kuazima, anasimama safu ya mbele na kukikodolea macho kitambaa. Binti yake anamvuta mkono akae.)

Kaa tu, mzee wangu, wewe ndiye sababu ya shughuli hii. Mwaka jana fundi huyu alikuja ofisini kwangu, akasubiri kwenye benchi siku nne, kwa sababu mlango wangu uko wazi kwa kila mwananchi, akaniambia: "Mheshimiwa, daktari anasema masikio yangu hayamalizi mwaka. Nimechomelea, nimepiga ngoma, sasa yanafunga. Nataka tutoe albamu moja tu, niisikie, basi, hata yakifunga nitakuwa nimeridhika." Jamani, mimi ni binadamu. Nililia, katibu muhtasi ni shahidi, nikaitisha kikao siku hiyohiyo. Kikao kikazaa warsha, warsha ikazaa rodimapu, rodimapu, yaani ramani ya safari, ikapelekwa kwa wadau ili waimiliki, na katika miezi kumi na moja tukawa tumepiga hatua ambazo nchi nyingine zingepiga katika miaka thelathini. (Makofi ya kujikongoja.)

Hapo ndipo nilipofungua Studio ya Kisasa ya Idara, ghorofa ya chini, ambayo wavivu wa kubadilika bado wanaiita stoo ya mafaili. Kibao kipya, kioo kipya, taa nyekundu mlangoni. Kwa siku tatu bendi ilijifungia humo. Mwimbaji, ambaye siku hizi ni mwalimu wa chekechea, alinguruma mpaka Idara ya Maji ikaleta barua ya malalamiko. Mpiga ngoma, kwa kuwa ngoma zake bado ziko kwenye uchunguzi, alitandika makasha ya mafaili kwa uzalendo wa hali ya juu, na nyuma ya kioo fundi mitambo wetu alikuwa akitikisa kichwa kuwapa moyo. Zikapatikana nyimbo kumi na moja, ufanisi wa asilimia mia moja na nne. Wengine wangejisifu hapa. Mimi nasema tu kwamba bila mimi pasingekuwa na lolote.

Na sasa, bila kupoteza muda, naomba albamu iwekwe tuisikilize. (Sahani ya santuri inawekwa. Spika nne zinawashwa. Ukumbi unangoja, na unaendelea kungoja.)

Sikilizeni utangulizi huo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. (Mpiga ngoma anakwenda kwenye spika na kuibandikia sikio la kulia. Anabadilisha, anabandika la kushoto.) Mwacheni, mwacheni mzee afaidi jasho lake. Unasikia gitaa hizo, fundi? Sisi huku zinatupasua vichwa. (Wakurugenzi wanatikisa vichwa kwa mahadhi. Mpiga ngoma anakaa chini palepale kwenye zulia, anafunika uso.) Mpigapicha, usiikose hiyo, mzee analia kwa furaha.

(Binti anakwenda kupiga magoti karibu na baba yake. Anasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima unaisikia: "Baba, hakuna kitu. Hata mimi sisikii." "Hata wewe?" "Hata mimi, baba. Hakuna anayesikia, hawa wanaigiza tu." Mpiga ngoma anainua uso. Halafu anaanza kucheka, anacheka mpaka anakohoa. "Kumbe mazima," anasema. "Masikio yangu bado mazima.")

Itifaki, tafadhali. Kuna changamoto ndogo ya kiteknolojia, ambayo naunda kamati ya kuishughulikia. Fundi, unakuja wapi? Hicho kitambaa ni mali ya ofisi. Mwalimu, na wewe tena? Ubao huo una hotuba yangu, shikeni basi taratibu. (Ubao unashushwa. Kitambaa cha kijani kinatandikwa sakafuni, na ngoma zinapangwa juu yake. Anayehutubia amebaki amesimama peke yake, kipaza sauti mkononi, hana pa kuegemea.)

Tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema Cheche, semeni Chuma. Cheche. (Kimya.) Idara Sikivu, semeni kila mtu sasa, Idara Sikivu. (Binti peke yake: "Haisikii.")

Kwa namna ya pekee namshukuru fundi mitambo wetu, ambaye kikazi ni karani wa masjala, kwa kuvaa visikilizio vya masikioni siku tatu mfululizo, huku waya wake ukiwa mfukoni mwake, akitikisa kichwa bila kuchoka. Naishukuru mitambo ya kurekodia, ambayo ombi la kuinunua litajadiliwa mwaka ujao wa fedha. Na nawashukuru Cheche za Chuma kwa kukubali, bila kuulizwa, kuwa bendi ya kwanza kuzindua albamu isiyo na mzigo wa kurekodiwa. Mwisho kabisa, asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Hakuna anayemsikiliza. Ngoma zimeanza, na mpigaji amefumba macho, anazisikia.)