Bango Lisiloahidi Kitu

Jumatatu, 9 Machi
Asubuhi amekuja mkaguzi wa leseni za wachuaji. Akasimama chini ya bango langu, akasoma kwa sauti: "Daktari wa Misuli. Tunaponya mgongo, kiuno na ndoa." Barabara nzima ikasikia. Nikadhani napigiwa debe bure. Kumbe kesi! Kwanza, mimi si daktari. Nikajitetea kwamba hilo ni jina la utani, nyumbani wananiita hivyo. Mke wangu, aliyekuwa akikunja taulo, akasema hajawahi. Pili, mchuaji haruhusiwi kuahidi kuponya. Tatu, kila tangazo libebe namba ya leseni. Nimepewa mpaka Ijumaa nirekebishe, la sivyo leseni inasimamishwa. Ng'ambo ya barabara, mchuaji mwenzangu anayeitwa Vidole alikuwa mlangoni kwake, meno yote nje. Bango lake dogo kama bahasha. Benchi lake limejaa wateja. Sielewi!

Jumanne, 10 Machi
Nimetii. Bango jipya: "Masaji", na chini yake namba ya leseni, kubwa hata rubani aione. Namba ya simu ikakosa nafasi. Kutwa nzima hakuna aliyepiga. Jioni fundi viatu wa jirani akanifungua macho: watu wanapiga ile ya leseni, wanaambiwa haipo. Mtaani wanasema nimefilisika.

Jumatano, 11 Machi
Sikati tamaa ng'o. Nimesoma kanuni upya. Zinakataza maneno ya kuahidi kuponya. Picha je? Sijaona neno! Mchana akaja mama mkwe, shingo imemkaza. Nikampiga picha hivyo hivyo alivyopinda. Nikamwomba aonyeshe maumivu zaidi kidogo. "Mkwe wangu," akasema, "haya niliyo nayo hayakutoshi?" Nikamchua kwa moyo wote mpaka shingo ikalegea. Nikampiga ya pili, anacheka. Akauliza picha za nini. Nikasema za ukumbusho wa familia.

Alhamisi, 12 Machi
Picha zote mbili nimezibandika nje, kubwa kama mlango wenyewe. Watu wanasimama! Tatizo, hawaingii. Wanampigia simu mama mkwe kumpa pole. Kumbe Jumamosi anagombea uenyekiti wa kikundi chao cha akina mama, na mpinzani wake anaisambaza ile picha ya kwanza akiuliza: huyu atatubebaje sisi, wakati kichwa chake mwenyewe kimemshinda? Mama mkwe akaja kama moto. Akazichana zote mbili, kisha akaanza kunitafuta, shingo inazunguka kushoto kulia kama feni. Nikachungulia nyuma ya pazia nikamwambia mke wangu atazame jinsi shingo ilivyopona. Haikuwa saa ya maneno hayo. Chakula cha usiku nimejipakulia mwenyewe, tena cha baridi.

Ijumaa, 13 Machi
Mkaguzi amerudi. Bango safi, namba inasomeka. Akanipa mkono wa pongezi! Mama mkwe alikuwa amekaa benchini. Nikajua amekuja kuchuliwa. Akafungua mkoba, akatoa vipande vya picha, akavipanga kimoja kimoja juu ya kitanda changu cha masaji mpaka sura zake mbili zikakamilika, iliyopinda na inayocheka. Mkaguzi akasema hiyo ni ahadi ya kuponya, tena inayopiga kelele. Leseni imesimamishwa mwezi mzima. Mlango kaufunga mkaguzi mwenyewe. Nikamtazama mama mkwe akivuka barabara. Kaingia kwa Vidole!

Jumamosi, 14 Machi
Mama mkwe kashinda uenyekiti! Nimemtumia ujumbe kumkumbusha kwamba picha yangu ndiyo iliyomtangaza. Hajajibu. Mke wangu kasoma ujumbe huo, kaingia chumbani, kajifungia.
Nami nimekaa nikafikiri. Nikazichukua tena kanuni, nikazisoma neno kwa neno. Zinasema: mchuaji mwenye leseni asiahidi kuponya. Mwenye leseni! Mimi sina. Mwezi mzima haziwezi kunigusa! Nimeshamwita mchora mabango. Nimemwambia aje na ngazi ndefu.