Ombi la Kushusha Vimeng'enya vya Mke Wangu

Ndugu Mkuu wa Maabara,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, kama maabara yako bado inajua afya njema ni kitu gani. Mimi ni mume wa yule mwalimu wa hesabu aliyetibiwa kwenu bakteria wa tumbo. Mlipompima damu kabla na baada ya dawa, mlitaka pia damu ya mtu asiyeumwa wa nyumba hiyohiyo, ili mlinganishe. Mtu huyo ni mimi. Nilikunja shati, nikawapa mkono, nikaingizwa katika Kundi la Wazima. Heshima hiyo niliitangaza kazini, kwa majirani na ukweni. Sasa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mmesema vimeng'enya vya mke wangu, hivi vinavyozima sumu mwilini, vilikuwa chini alipougua na sasa vimepanda. Hongereni. Lakini mmeandika pia kwamba vyangu viko chini hata ya vile alivyokuwa navyo akiwa hoi. Mzima anashindwaje na mgonjwa? Nimesoma vitabu vingi, sijakutana na mwamuzi anayempa kombe mchezaji aliyetolewa kwa machela.

2. Amani ya nyumba imevunjika. Alipokuwa anaumwa, mke wangu alikula vijiko viwili vya uji na kuniachia mazungumzo yote ya mezani. Nilishinda kila hoja. Siku hizi anakula, anaongeza, na kabla sijafika hoja ya pili keshaibomoa ya kwanza. Juzi aliniambia mbele ya shemeji, "Mzee wa Kundi la Wazima, hebu nisogezee chumvi." Shemeji alicheka hadi akapaliwa.

3. Muuguzi wenu anataka nami nipimwe tumbo, eti nikiwa na wadudu haohao nitamrudishia mke wangu. Nilimweleza kwa upole kwamba kundi langu lina jina, na jina hilo mlilitoa ninyi wenyewe. Alinitazama kama anayetazama gari lililokataa kuwaka.

4. Ikiwa anayetibiwa hutoka akiwa bora kuliko mzima, basi sisi wazima ndio tulioonewa. Haki ingetaka tugawiwe bakteria kwanza, kwa foleni, wazee watangulie, ili nasi tupate kutibiwa. Kama bajeti hairuhusu, naomba lililo rahisi: mshusheni mke wangu kidogo tu, hadi usawa wa mumewe.

Nisipojibiwa nitaandika gazetini. Huko wananijua, na wanajua siandiki ukurasa mmoja.

Nisalimie wote hapo, kuanzia mlinzi wa getini hadi ile mashine yenu, ambayo nadhani haikulelewa vizuri.

Wako katika uzima usio na shaka,

Mume wa Mwalimu

N.B. Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Hakucheka. Aliniuliza kama tumbo langu, ambalo sikulitaja humu, bado linawaka moto, nikasema hapana. Akaniuliza, basi mbona umelishika. Ndugu Mkuu, nilimwona mama huyu amejikunja kitandani kama nguo iliyokamuliwa, na mimi nimekaa pembeni sina la kufanya. Sitaki arudi pale kwa sababu yangu. Jumatatu asubuhi nitakuja bila kula kitu. Nitoeni kwenye lile kundi, mnipe dawa zilezile. Vimeng'enya vyake msiviguse.